Choa kwa paka wengi nyumba moja: hatua kwa hatua mpaka wapone wote

Nina paka saba hapa Arua, Uganda. Wa saba aliletwa na watoto wa jirani msimu wa mvua, kitoto cha majuma kama sita, ana kipara kidogo juu ya jicho. Nikadhani amekwaruzwa. Usiku uleule akalala na wenzake kwenye gunia moja. Baada ya wiki tatu paka watatu walikuwa na mabaka, na mkononi mwangu kukatokea mduara mwekundu. Nikanunua dawa ya kupaka, nikawa napaka kila baka ninaloliona. Huyu akipona, yule anaanza, na hali hiyo ikaendelea miezi mitano.

Kosa langu lilikuwa moja: nilitibu mabaka, kumbe ugonjwa uko kwenye manyoya, na manyoya ya paka saba yako kila pembe ya nyumba. Naandika ili wewe usipoteze miezi mitano.

Choa, ambao wengine huita mashilingi, hauletwi na mnyoo wala damu chafu. Ni fangasi, na kwa paka karibu kila mara ni yule aitwaye Microsporum canis. Anakula sehemu ngumu ya unywele na ngozi ya juu. Unywele ukikatika, vijimbegu vyake hubaki juu yake, na vinaweza kudumu hadi miezi 18 mahali pakavu. Paka akishaambukizwa, baka hutokea baada ya wiki 1 hadi 3, kwa hiyo anayeonekana mzima leo huenda ameshaupata. Wapo pia wanaobeba vijimbegu kwenye manyoya bila kuugua.

Hatua ya 1: Hakikisha ni choa kweli

Angalia uso, masikio na miguu ya mbele kwanza. Utaona kipara cha mviringo, nywele zilizokatika kama zimeunguzwa na moto, na magamba ya kijivu kama majivu. Mara nyingi paka hajikuni sana. Akijikuna mpaka damu, na kingo za masikio zina ukoko mnene, shuku upele wa utitiri, ambao dawa yake ni nyingine kabisa. Hapo ndipo daktari wa wanyama anahitajika. Anaweza kumulika kwa taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa zambarau inayofanya unywele wenye fangasi ung'ae kijani, akang'oa nywele chache na kuzitazama kwa hadubini, au akaotesha fangasi maabara.

Sampuli ya kuotesha unaweza kuichukua mwenyewe. Nunua miswaki mipya, mmoja kwa kila paka. Sugua paka mwili mzima, kichwa hadi mkia, dakika 2 au 3, malizia kwenye baka ili usieneze. Tia mswaki kwenye mfuko safi, andika jina la paka. Majibu huchukua wiki 2 hadi 3. Usingoje majibu ndipo uanze kuosha. Afisa mifugo wa wilaya, hata kama siku zake nyingi zinaishia kwa ng'ombe na mbuzi, anaweza kukuelekeza pa kupeleka sampuli. Walio Kampala wana kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere.

Hatua ya 2: Gawa nyumba

Tafuta chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, kisicho na zulia wala viti vya sponji. Wenye mabaka wakae humo na mabakuli yao na beseni lao la mchanga. Waliobaki wahesabu kuwa ni washukiwa, maana wamelala pamoja. Kila asubuhi anza na wasio na mabaka, wape mukene (dagaa) wao, safisha, kisha ndipo uende kwa wagonjwa. Uwe na gauni au shati moja la chumba kile tu, ulivue mlangoni, unawe mikono kwa sabuni.

Nakuomba jambo moja: vitoto visifungiwe peke yao wiki nyingi bila kuguswa. Umri ule ndio wa kuzoea binadamu. Vaa glavu ukae navyo, cheza navyo. Choa hupona, lakini paka aliyekua akiogopa watu hubaki hivyo.

Hatua ya 3: Osha paka wote, si wagonjwa tu

Hii ndiyo hatua inayookoa nyumba, na ndiyo inayorukwa. Dawa ya kumeza humtibu paka kwa ndani, lakini haiui vijimbegu vilivyo juu ya manyoya yake. Kinachoviua ni kile unachomwosha nacho.

Kwanza, paka mwenye manyoya marefu mpunguzie kuzunguka baka kwa mkasi wenye ncha butu. Usimnyoe kwa mashine mwili mzima. Mashine hukwaruza ngozi, na kila mkwaruzo ni mlango mpya wa fangasi. Fanya kazi hiyo juu ya gazeti, kisha likunje na manyoya yake ulichome.

Dawa zinazofanya kazi ni shampuu yenye mikonazoli asilimia 2 pamoja na klorheksidini, au maji ya chokaa na salfa yanayotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Uliza kliniki wana ipi. Osha mara 2 kwa wiki. Shampuu iache ikae dakika 10 kabla ya kusuuza, na hizo dakika 10 ni ndefu mno kwa paka, basi mfunge kwa taulo na umsemeshe. Dawa ya chokaa na salfa haisuuzwi. Inanuka kama mayai yaliyooza na itampa paka mweupe rangi ya njano, lakini hiyo hutoka. Mvalishe kola ya koni mpaka akauke asije akailamba.

Mimi huosha saa sita mchana jua likiwaka, maji ya uvuguvugu kwenye beseni mbili, mtu mmoja anashika, mwingine anaosha. Kitoto kilicholowa hupata baridi haraka, kwa hiyo mkaushe hadi manyoya yasimame.

Hatua ya 4: Dawa ya kumeza

Hii ni kazi ya daktari. Inayotumika zaidi kwa paka ni itrakonazoli, kwa kawaida miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku: wiki moja anameza, wiki moja anapumzika, mpaka zifike wiki 3 za kumeza. Nataja kipimo kwa sababu kapsuli ya binadamu ina miligramu 100, na paka wa kilo 4 anahitaji 20 tu. Usikate kwa kukisia. Terbinafini nayo hutumika. Ketokonazoli iepuke, inaweza kuumiza ini la paka.

Hatua ya 5: Nyumba

Ufagio mkavu weka kando. Kila ukifagia unarusha vijimbegu hewani, vinatua juu ya kabati. Okota manyoya kwa tambara lenye unyevu au utepe wenye gundi, kila siku ukiweza, kisha piga deki kwa maji na sabuni. Sabuni inatangulia, kwa sababu dawa ikikuta uchafu hupoteza nguvu. Sakafu ikishakuwa safi ndipo mara 2 kwa wiki unapitisha jiki, mililita 30 kwa lita moja ya maji, ibaki imelowa dakika 10. Changanya upya kila mara, fungua madirisha, paka wawe nje ya chumba mpaka pakauke. Palipokojolewa suuza vizuri kwanza, jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu. Na zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukitia maji, usizitumie kabisa palipo na paka.

Nguo, shuka na matandiko yafue mara 2, kwa maji mengi, usijaze beseni. Gunia na mkeka uliochakaa choma tu.

Hatua ya 6: Usiache mapema

Manyoya yakiota haina maana fangasi amekwisha. Endelea kuosha mpaka kipimo cha mswaki kionyeshe hakuna kitu. Kwenye nyumba ya paka wengi mimi hungoja majibu 2 safi, yaliyochukuliwa kwa tofauti ya wiki moja. Kama maabara iko mbali, hesabu si chini ya wiki 8 za kuosha wote, na daktari akague kila mmoja.

Maswali ya wanachama

*Swali kutoka Jinja: Mwalimu, paka wangu ana mimba na ana baka. Duka la dawa wamenipa griseofulvini ya binadamu. Nimpe?*

Dada yangu, usimpe. Dawa hiyo huharibu vitoto tumboni, na hata paka asiye na mimba inaweza kumpunguzia damu. Hizo nyingine za kumeza nazo usianze bila daktari. Mwoshe tu kwa utaratibu, na mwandalie pa kuzalia palipopigwa deki. Vitoto vikizaliwa vihesabu kuwa vimeshaambukizwa.

*Swali kutoka Kampala: Nina tochi ya kukagulia noti bandia dukani. Inaweza kuonyesha choa?*

Kaka, wazo si baya, ila tochi hizo nyingi ni hafifu na mwanga wake wa zambarau unakuchanganya. Vumbi, nyuzi za nguo, mafuta ya kupaka, vyote hung'aa weupe wa samawati. Unachotafuta ni unywele wenyewe kung'aa kijani tangu shinani. Ukiuona, peleka paka kliniki. Usipouona, usiseme ni mzima.

*Swali kutoka Koboko: Mzee wetu anasema oili chafu ya gari au dawa ya kupe ya ng'ombe inamaliza choa. Ni kweli?*

Mheshimu mzee, lakini mfiche paka. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote unachompaka amekimeza. Oili huunguza ngozi na kumwumiza tumbo na figo. Dawa za kupe za ng'ombe, kama zenye amitrazi au pemetrini, zinaweza kumuua. Nimezika paka wa jirani kwa sababu hiyo, alitetemeka usiku kucha.

*Swali kutoka Mbale: Binti yangu ana miduara shingoni na kichwani. Baba yake anataka paka wote wanne watupwe.*

Pole, mama. Mpeleke mtoto kituo cha afya kwanza. Miduara ya mwilini kwa kawaida hupona kwa krimu ya fangasi kama klotrimazoli, lakini mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza. Usinunue zile krimu zinazochanganya dawa tatu kwenye tyubu moja. Huwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, wekundu unafifia huku fangasi anaenea chini kwa chini. Kama kuna mtu mwenye kinga dhaifu nyumbani, yeye asiguse paka kipindi hiki. Mwambie baba mtoto kwamba kutupa paka hakuondoi manyoya yaliyobaki chini ya kitanda, na hao paka watapeleka ugonjwa kwa watoto wa mtaa mwingine. Anza kuosha Jumamosi hii, yeye ashike, wewe uoshe.

*Swali kutoka Gulu: Nikiletewa paka mpya sasa, nifanye nini?*

Chumba chake peke yake wiki 3, mswaki siku ya kwanza, na usimchanganye na wenyeji kabla ya majibu kurudi.