Chozi mweusi yupi? Kumtambua na kumwandika jina

Kwenye maua ya migomba Tukuyu, au mshubiri wa uani pale Iringa, hukosi kuona ndege mdogo mweusi, mdomo umepinda, anafyonza mbochi. Huyo ni chozi (hana undugu na lile la jichoni). Tatizo ni daftarini, unapoandika ndege uliowaona. Ukiandika "chozi mweusi" ukaishia hapo, hujasema ni nani, kwa sababu madume wa aina tano huonekana weusi wakiwa mbali.

Weusi huo mara nyingi ni hila ya mwanga. Mng'ao wa chozi hutokana na chembe za melanini (rangi nyeusi ya mwili) zilizopangwa kwa tabaka ndani ya unyoya. Mwanga usipogonga kwa pembe inayofaa, unabaki weusi mtupu. Kwa hiyo jua liwe mgongoni mwako, asubuhi kati ya saa moja na nusu na saa nne, na usimhukumu ndege aliyetua kati yako na anga jeupe. Usimfukuze. Kaa mita sita hivi kutoka kwenye ua. Dume hulinda maua yake, atarudi. Darubini ya 8x42 (hukuza mara nane, lenzi ya milimita 42) inatosha.

Anza na mkia. Manyoya mawili ya katikati yakiwa marefu, mdomo umepinda sana na mwili una mng'ao wa shaba iliyozeeka, ni Nectarinia kilimensis (hilo ni jina la kisayansi), mwenyeji wa bustani za nyanda za juu. Kule Kitulo jihadhari na ukungu: Nectarinia famosa, ambaye ni wa kijani, naye ana mkia mrefu na huonekana mweusi kabisa. Mdomo wake haujapinda kiasi hicho.

Mkia ukiwa mfupi, tazama kifua. Chekundu? Chalcomitra senegalensis, kazi imekwisha.

Wanaobaki wawili ndio wanaosumbua. Chalcomitra amethystina ana urefu wa sentimita 14 hivi, mwili mweusi kama mkaa, na hung'aa hasa utosini (kijani) na kooni (zambarau ya waridi). Subiri ageuze kichwa. Cinnyris cupreus ni mdogo zaidi, kama sentimita 12, na mng'ao wake wa shaba na zambarau umeenea kichwani, mgongoni na kifuani. Msimu wa kuzaa ukipita, dume huyu huvua vazi hilo akafanana na jike, ila mabawa na mkia hubaki vyeusi.

Majike wote ni wa kahawia au kijani kibichi kilichofifia, ndiyo maana wengi huwakosea. Jike wa amethystina ana mstari mweupe juu ya jicho. Wa senegalensis hana.

Sasa jina. Usitegemee jina la Kiingereza peke yake: amethystina aliwahi kuitwa "Black Sunbird", na jina hilohilo ni la chozi mwingine wa Indonesia na New Guinea. Jina la kisayansi nalo huhama. Vitabu vya zamani viliwaweka karibu wote kwenye jenasi Nectarinia (neno la kwanza la jina), hivyo fuata neno la pili, tena uvumilie mwisho wake kubadilika: Nectarinia cuprea na Cinnyris cupreus ni ndege yuleyule.

Jina la Kinyakyusa, Kihehe au Kibena uliza bila kuonyesha picha. Ukitaja jibu kwanza, mwenyeji atakukubalia kwa adabu tu. Mwache aeleze ndege anakula nini na anajenga wapi, kisha uliza kama jina hilo ni la huyu mmoja au la chozi wote. Mara nyingi ni la wote. Andika kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha na kijiji.

Mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, mahali na mwinuko wake, ua, jinsia, mkia, kifua, koo, utosi. Jina lije mwisho. Koo lisipoonekana, andika "chozi, aina haijajulikana", acha nafasi, urudi kesho asubuhi kwenye kichaka kilekile.