Mtandao unakokota? Makosa yasome upande unaopokea

Ofisi moja huku Kizota, Dodoma, waliniita wakiwa wameshaongeza kifurushi mara mbili, na mtandao bado unakokota. Ping ya kawaida (pakiti ndogo za kujaribu kama upande wa pili unajibu) ilikuwa safi. Shida ilikuwa kipande cha kebo kilichopita juu ya bati kati ya majengo mawili. Naandika hapa nilivyoipata.

Kabla ya kugusa chochote, jua nani anahesabu kosa

Kila fremu ya Ethernet, yaani kifungu cha data kinachopita kwenye kebo, huishia na baiti 4 za CRC, namba ya kukagua makosa. Mtumaji anakokotoa namba hiyo kutokana na data, mpokeaji anaikokotoa upya. Zisipolingana, fremu inatupwa na mtumaji haambiwi kitu. TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, ndiyo itakayoshtuka baadaye kwamba kipande hakijafika, ikitume tena na kupunguza kasi. Mtumiaji haoni kosa lolote, anaona "net iko slow" na kumlaumu mtoa huduma.

Fanya hesabu yenyewe kwa kalamu angalau mara moja. Data ni 1101, kigawanyo ni 1011. Ongeza sifuri tatu: 1101000. Gawanya, ila badala ya kutoa unalinganisha biti: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Kila mara sogeza kigawanyo kianzie chini ya 1 ya kwanza.

1101000 na 1011000 → 0110000
0110000 na 0101100 → 0011100
0011100 na 0010110 → 0001010
0001010 na 0001011 → 0000001

Baki ni 001, kwa hiyo unatuma 1101001. Mpokeaji akigawanya, abaki na sifuri. Njiani biti moja ikigeuka, ikafika 1111001, atabaki na 110: imeharibika. CRC ya Ethernet ni hiyohiyo ikiwa na biti 32, na hunasa kila mkururo wa makosa usiozidi biti 32.

TCP nayo ina jumla yake ya ukaguzi ya biti 16, ila ni dhaifu zaidi. Ni kama mzani wa mahindi pale Kibaigwa: magunia mawili yakibadilishana nafasi kwenye lori, uzito ni uleule.

Hatua ya 1: soma mara mbili

`ip -s -s link show eth0`

Ni amri ya Linux, na eth0 ni jina la kadi ya mtandao. Tazama sehemu ya RX (zinazopokelewa), penye errors na crc. Andika namba, subiri dakika kumi, soma tena. Namba moja peke yake haina maana. Inaweza kuwa imebaki tangu radi za Januari. Unachotafuta ni kama inapanda. Usichanganye na dropped: hizo mara nyingi ni pakiti zilizokosa nafasi au zisizohitajika, hazijaharibika. Kwenye swichi yenye ukurasa wa usimamizi, tafuta makosa ya FCS (jina la zile baiti 4 za mwisho) au CRC ya kila poti.

Hatua ya 2: bebesha mzigo

`ping -c 1000 -i 0.2 -s 1472 10.0.0.2`

Weka anwani ya mashine ya upande wa pili. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Ping ya kawaida ya Linux ni fremu ya baiti 102, yaani biti 816. Hii ya 1472 inafika baiti 1518, biti 12,144. Ni karibu mara 15, na nafasi ya kuguswa na kosa inakua hivyohivyo. Ndogo zikipita na kubwa zikipotea, anza kuushuku waya.

Hatua ya 3: tafuta upande

Soma hesabu ncha zote mbili. Ncha ambayo RX yake inapanda ndiyo inayopokea uchafu, kwa hiyo chunguza njia inayoelekea kwake: kebo, kichwa cha RJ45, au poti ya mtumaji. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu mtandao utapona, lakini hutajua nini kilikuwa kibovu, na utarudisha kebo mbovu kwenye begi lako.

Kabla ya kupanda juu, endesha `ethtool eth0`. Upande mmoja ukiwa full duplex (unatuma na kupokea kwa pamoja) na mwingine half (kwa zamu), wa full utaonyesha makosa ya CRC hata kebo ikiwa mpya.

Wi-Fi ni habari nyingine. Redio hurudia yenyewe kutuma, hivyo uharibifu umejificha kwenye tx retries (zilizorudiwa kutumwa) na tx failed (zilizoshindwa). Tumia `iw dev wlan0 station dump`.

Hatua ya 4: faili kubwa, hakiki mwisho kwa mwisho

Ruta hukokotoa CRC mpya kila inaposukuma fremu mbele. Data ikiharibikia ndani ya kumbukumbu ya ruta, inatoka na CRC nzuri kabisa. Kwa nakala za hifadhidata mimi huendesha `sha256sum`, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, kwenye seva zote mbili, kisha nalinganisha.

Pale Kizota, RX ya jengo la nyuma ilipanda kwa mafungu, ikatulia, ikapanda tena. Nikatoka nje nisikilize. Fundi wa mageti jirani alikuwa anachomelea, na waya wake wa umeme ulifungwa pamoja na kebo yetu, ambayo ni ya ndani na ganda lilishapasuka kwa jua. Tukavuta kebo ya nje, mbali na waya ule. Nikamwomba yule fundi achomelee geti zima huku nimekaa na laptop. Errors haikusogea.