Picha la Kihindi kwa aliyezoea za Kizungu

Saluni yangu iko Kirumba, na runinga haizimwi. Wateja waliokulia kwenye muvi za Marekani, na wazungu wanaokuja kujitolea hapa Mwanza, huniuliza lilelile: mbona wanaimba katikati ya kisa? Haya, anza na Lagaan ya 2001.

Kwanza tenga muda, maana ina saa tatu na dakika 44. Mimi inanifaa: mtu akikaa kusuka rasta, picha na kichwa vinaisha pamoja. Usiitazame vipandevipande kwenye simu. Katikati pana mapumziko. Hapo ndipo unyanyuke ukanunue karanga, siyo kabla.

Kisa ni cha 1893, kijiji cha Champaner. Mvua hakuna, na ofisa wa Kiingereza anadai kodi. Anawawekea wanakijiji dau: wakiwashinda Waingereza kwenye kriketi, hawalipi miaka mitatu, wakishindwa, wanalipa mara tatu. Hujui kriketi? Hata wao hawaijui, mtajifunza pamoja.

Sasa nyimbo. Rimoti weka mbali! Kuna wimbo wa mawingu: wingu limetanda, kijiji kizima kinatoka kucheza, kisha wingu linapita bila kudondosha tone. Ukiuruka huo, umeruka njaa ya watu wale, na habari ya kodi haitakuuma. Mama wa Misungwi mwenye shamba la pamba hahitaji kuelezwa. Mjerumani mmoja niliyekuwa namsuka aliomba niupeleke mbele. Kina mama waliokuwa wakisubiri zamu walimfokea kwa Kisukuma mpaka akatulia.

Ujue pia kwamba anayefungua mdomo si yeye anayeimba. Ile sala ya usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mechi, muziki wake A. R. Rahman, ina sauti ya Lata Mangeshkar, aliyezaliwa 1929 na kuwaimbia waigizaji wa kike kizazi baada ya kizazi.

Vibanda umiza vina zile zilizotafsiriwa. Zinachekesha kweli, ila msimulizi hana adabu na nyimbo, anaongea juu yake. Tazama kwanza yenye maandishi chini, hiyo nyingine ifuate.

Ukishanogewa, ingia Sholay ya 1975. Masteringi ni wawili, Dharmendra na Amitabh Bachchan, lakini kwangu adui, Gabbar Singh, anawafunika wote. Watu husema steringi hafi. Itazame, kisha njoo tubishane.

Na usidhani zote ni za Kihindi cha Mumbai. RRR ya 2022 ni ya Kitelugu, na wimbo wake Naatu Naatu ulipata Oscar mwaka 2023. Pather Panchali ya Satyajit Ray, 1955, ni ya Kibengali, na humo hutaona kundi la watu likicheza dansi. Hiyo katazame nyumbani. Hapa kwangu draya ikiwashwa, husikii hata sitar, lile gitaa la Kihindi, ya Ravi Shankar aliyeitungia muziki.