Unataka leseni ya gesti Mbeya? Anza kwa kuhesabu vyumba

Mtu akipata wazo la kufungua gesti hapa Mbeya, kwanza hununua magodoro, kisha humtafuta fundi wa kuandika kibao. Leseni anaikumbuka baadaye, na ndipo "njoo kesho" zinapoanza. Njia hii niliipita na mama yangu mdogo, nyumba yake iko Ilomba. Fomu hazikutusumbua. Kilichotusumbua ni swali moja tu: vyumba vingapi? Ramani ilisema vinane, sisi tulijaza kumi, afisa aliyekuja kukagua akahesabu tisa. Wiki tatu zilipotea hapo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari na kalamu. Pita mlango kwa mlango. Mimi nahesabu chumba chenye dirisha linalofunguka na mlango unaofungwa. Stoo iliyotiwa kitanda inabaki kuwa stoo. Chumba anacholala mhudumu kiandike pembeni, maana hukiuzi. Namba utakayoipata ndiyo uiandike kila mahali, kuanzia ramani na zimamoto hadi leseni na ushuru, kwa sababu kila ofisi hutuma mtu wake kuhesabu vitanda.

Hatua ya pili ni kiwanja. Soma hati yako inasema matumizi gani. Wengi wanadhani hati ikishapatikana mambo yamekwisha. Hati ya miaka 33, 66 au 99 inahusu haki yako juu ya ardhi. Haisemi kwamba jengo lililo juu yake linafaa kulaza watu. Kama imeandikwa makazi, nenda mipango miji ya halmashauri uombe kubadilisha matumizi. Tangazo hutolewa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo anza mapema, usisubiri mpaka mapazia yameshatundikwa. Kwa anayejenga upya, kibali cha ujenzi hutangulia msingi, na jengo likikamilika unaomba cheti cha ruhusa ya kulitumia. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokiruka. Rangi inapakwa Ijumaa, Jumamosi mgeni ameshaoga.

TRA na BRELA ni nyepesi kidogo. TIN, yaani namba ya mlipakodi, haina malipo, mradi una namba ya NIDA. Utafanyiwa makadirio ya kodi, kisha utapata hati ya kuonyesha kwamba hudaiwi kodi. Kama nyumba umepanga, nenda na mkataba ukijua kuna kodi ya zuio asilimia 10 ya pango na ushuru wa stempu asilimia 1. Mwenye nyumba akikwambia hayo hayakuhusu, usimsikilize. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao.

Zimamoto ndipo penye kazi. Omba ukaguzi, lipa kwa kontroo namba, subiri afisa. Anaangalia mitungi ya kuzimia moto, nyaya za umeme, mtungi wa gesi jikoni, na zaidi ya yote, mtu atatokaje moto ukizuka usiku. Madirisha yetu mengi yana nondo zilizochomelewa pande zote; mwizi haingii, na mgeni hatoki. Fungua angalau grili moja kila upande iwe na bawaba. Mlango wa nyuma usifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake anao bosi peke yake.

Kwetu afisa alimwambia mhudumu, "Dada, nionyeshe mtungi wa moto." Ulikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mchele wa Kyela, na ufunguo wa stoo ulikuwa na mama mdogo, Mwanjelwa sokoni. Afisa hakugomba. Alitazama saa, akaandika. Tulimwona tena baada ya siku kumi.

Kuna jambo la Mbeya ambalo fomu haikuulizi. Juni na Julai baridi ikikaza, mgeni ataomba jiko la mkaa chumbani. Usimpe. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Mpe blanketi la pili, na la tatu akitaka.

Bwana afya naye atapita: vyoo, maji, mashuka, shimo la taka. Ukiuza chakula, wahudumu wa jikoni wakapimwe.

Baada ya hapo leseni yenyewe ni kazi ya siku moja mbele ya kompyuta. Ingia Tausi, mfumo wa TAMISEMI, jisajili kwa namba ya NIDA, chagua halmashauri yako, jaza aina ya biashara, ambatanisha karatasi zote, lipa kwa kontroo namba, chapa leseni uitundike mapokezi. Ni ya mwaka mmoja. Weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla haijaisha.

Kinachofuata ni ushuru wa nyumba za wageni, na hapa hesabu ile ya vyumba inarudi. Vyumba tisa kwa siku 30 ni nafasi 270 za kuuza. Ukiuza 135, umejaza nusu. Wiki ya maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale hutapata hata pa kumlaza shemeji yako. Februari mvua ikinyesha mfululizo, unakaa na mhudumu mnatazamana. Bila kitabu cha wageni, anayekukadiria ushuru atatumia macho yake, na huenda akaja Agosti. Chumba kilichouzwa mchana kwa wa mapumziko na usiku kwa dereva wa lori kiandikwe mara mbili.

Kitabu kiwe na jina, namba ya kitambulisho, atokako, aendako, namba ya chumba, na saa ya kuingia na kutoka. Njia ya Tunduma inatuletea Wazambia na Wakongo, ya Kasumulu Wamalawi: hao andika namba ya pasipoti, na uitazame mwenyewe badala ya kutajiwa. Vitabu vingi vya dukani bado vina safu ya kabila. Sisi tuliandika humo namba ya simu. Na wawili wakiingia chumba kimoja, andika wote wawili, hata huyo anayesema yeye anasindikiza tu.