Karata za Ziwa Victoria: kutengeneza na kujaribu

Ili kutengeneza mchezo wa karata kuhusu viumbe wa ziwa, anza na nani anamla nani: mwani, vidudu vya majini, omena, sangara, furukombe. Karata 54 zinatosha: mwani 20, vidudu 12, omena 8, sangara 4, furukombe 2, matukio 8. Kwenye manila ya A4, karata ya milimita 63 kwa 88 inaingia mara tisa, kwa hiyo ni karatasi sita tu. Andika kwa biro. Kalamu ya felti hupenya hadi nyuma, na mwenye macho makali atajua una sangara.

Kila mtu apewe karata tano. Kumshusha mlaji, ulipe vyakula vyake viwili vilivyo mezani. Virudi chini ya rundo. Piga hesabu: sangara mmoja ni omena wawili, vidudu vinne, mwani minane. Ukiongeza sangara hadi wanane, mchezo unakwama, kila mtu ameshika samaki asiye na cha kula. Ziwa lenyewe lilionja hayo: sangara aliletwa miaka ya 1950, baadaye fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, wakapungua vibaya.

Kwa karata za matukio, gugumaji ni tukio zuri: linafunika mwani wa mchezaji mmoja kwa raundi mbili, maana huzuia mwanga.

Kwenye majaribio, wape watoto sheria zilizoandikwa, kisha nyamaza. Ndiyo, hata wakikosea. Wanapouliza "sasa nifanye nini?", weka alama kwenye sentensi ya sheria iliyowakwamisha. Badilisha kitu kimoja tu kila mchezo. Mchezo ukizidi dakika 25, punguza pointi zinazohitajika ili kushinda kabla ya kubadilisha karata.