Kumfundisha mhudumu mpya wa watoto na familia akiwa kazini: mwongozo kwa wasimamizi wa Mtwara na Lindi

Semina ya siku tano humpa mhudumu mpya sheria, fomu na cheti. Namna ya kukaa kwenye mkeka wa watu na kuuliza habari za mtoto bila nyumba nzima kunyamaza, hiyo ataipata kwenye ziara za majumbani, akiwa na mtu anayeijua kazi. Lakini kumwambia "nifuate, utaona" hakutoshi. Ziara bila mpango humfundisha mazuri na mabaya yako kwa pamoja, naye hawezi kuyatenganisha. Mpango ulioelezwa hapa ni wa wiki 12, na unamfaa mhudumu wa kujitolea wa kijiji sawasawa na afisa ustawi wa jamii aliyepangiwa kata kwa mara ya kwanza.

Anza lini

Ukianza Oktoba umechelewa. Korosho zinaanguka, kaya nyingi zimehamia shambani, na nyumbani utamkuta bibi na wajukuu. Julai inafaa zaidi: barabara ni kavu, shule zimefunguliwa baada ya likizo ya Juni, na wiki 12 zinaisha kabla minada ya korosho haijachangamka. Fedha za korosho zikishaingia, migogoro ya ndoa huja, watoto huachwa bila mtu mzima, na vijana hutoroka shule kwenda kubeba magunia. Mhudumu awe ameiva kufikia hapo.

Saa nazo zipangwe. Msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, watu huwa mikoroshoni alfajiri na asubuhi, kwa hiyo nendeni kuanzia saa tisa alasiri. Ijumaa mchana acheni. Mwezi wa Ramadhani nendeni asubuhi, maana alasiri mama yuko jikoni na futari.

Wiki ya 1 na 2: anatazama jambo moja

Mpeleke kwenye ziara sita hadi nane. Kabla ya kila ziara mpe jambo moja tu la kutazama: leo nani anajibu maswali anayoulizwa mama, kesho mtoto yupi anatumwa maji kila mara, keshokutwa wewe msimamizi umeuliza maswali mangapi ya kujibiwa ndiyo au hapana. Ukimwambia atazame kila kitu atarudi na "familia ina hali ngumu", maneno yasiyokusaidia kitu.

Mambo ya mlangoni yanaonekana madogo, na ndiyo yanayofunga au kufungua nyumba. Apige hodi na kusubiri. Amwamkie kila mkubwa shikamoo, hata aliye upenuni akibangua korosho. Akikaribishwa mkekani avue viatu na akae, asiombe kiti. Daftari libaki mkobani mpaka aombe ruhusa: "Mama, nikiandika mawili matatu nisisahau, utaridhia?" Simu isitoke kabisa, na picha za watoto zisipigwe.

Wiki hizi pia mfundishe nani ana sauti katika familia. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao wengi, mjomba, yaani kaka wa mama, ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mhudumu anayemtafuta baba peke yake hukubaliwa kila anachosema, kisha hakifanyiki kitu. Aulize mapema: "Jambo la mtoto huyu likitokea, mnakaa na nani kuliamua?"

Wiki ya 3 hadi 6: mnagawana kazi

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Mhudumu hutazama wiki mbili, kisha anapewa kaya 20 na baiskeli. Gawaneni ziara: yeye asalimie na kufungua mazungumzo, wewe uingie kwenye mazito; wiki inayofuata mbadilishane. Mkubaliane ishara, kwa mfano ukiweka kalamu chini yeye anyamaze, ili usimkatize mbele ya wenyeji.

Hapa ajifunze kutumia macho na mikono. Utepe wa kupima mkono ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Unapima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Wengi hukaza utepe mpaka ngozi inajikunja, na mtoto mzima akaonekana mgonjwa. Mpimeni mtoto mmoja wote wawili bila kuambiana; mkitofautiana zaidi ya milimita 5, rudieni. Kisha abonyeze kwa vidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini ya unyayo, kwa sekunde tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama utepe unaonyesha kijani, yaani hali nzuri.

Kwa mwanafunzi aombe daftari la shule. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo inasema zaidi ya jibu la "anakwenda". Daftari la hisabati lililokoma wiki tatu zilizopita ni mwanzo mzuri wa mazungumzo kuliko lawama. Binti aliyeacha shule kwa ujauzito aelezwe kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi masomoni baada ya kujifungua. Wazazi wengi bado hawana habari hiyo.

Umaskini na kutelekezwa visichanganywe, na kosa hili ni zito, kwa sababu mama aliyeitwa mzembe mara moja hatafungua mlango tena. Mfundishe kulinganisha watoto wa nyumba moja. Wote wakiwa wembamba na nguo kuukuu, nyumba inahitaji msaada: ulizieni mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kliniki, ndugu. Akiwa mmoja tu, labda yatima au mtoto wa kambo, ndiye aliyekonda, anayekula mwisho na ambaye daftari lake limekoma, huenda ametelekezwa: rudini mapema.

Kuzungumza na mtoto

Mazungumzo na mtoto yafanyike panapoonekana lakini pasiposikika: chini ya mkorosho ulio mkabala na nyumba panafaa, chumbani hapafai. Wote wakae chini. Swali liwe wazi, "Nieleze siku yako ya jana tangu ulipoamka", kisha mhudumu anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu kwake. Akiuliza "Baba anakupiga, eh?" amempa mtoto jibu mdomoni, na maelezo hayo hayatakuwa na nguvu polisi wala mahakamani.

Mtoto akisema "usimwambie mtu", mhudumu mpya hukimbilia kuahidi. Afanye mazoezi ya jibu hili kwa sauti mpaka limkae: "Siwezi kukuahidi hivyo. Nikijua unaumizwa nitamwambia mtu anayeweza kusaidia, na nitakueleza kwanza ni nani."

Mtoto akisimulia kubakwa au kulawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa kuwa kwenye nailoni huoza. Aende hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hutolewa. Aliye na hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. Afisa ustawi wa jamii ajulishwe siku hiyohiyo, na simu ya bure 116 ya msaada kwa watoto ipo. Mwambie wazi mhudumu wako kwamba wazee watataka kuyamaliza kifamilia, pengine kwa mbuzi au fedha, na watamwomba yeye awe shahidi. Asikubali, na asibaki kubishana nao peke yake. Akupigie wewe.

Wiki ya 7 hadi 12: anaongoza, kisha anakwenda peke yake

Anaongoza ziara nzima, wewe umekaa nyuma kidogo na husemi neno. Kuanzia wiki ya 10 mpe kaya tano zisizo na hatari inayojulikana aende mwenyewe. Kaya zenye ukatili mwendelee kwenda wawili, wiki yoyote ile.

Katika hatua zote, kila ziara ifuatwe na dakika 20 za kuzungumza, siku hiyohiyo, mbali na nyumba, wala si juu ya bodaboda dereva akisikia. Aanze yeye: umeona nini, umesikia nini, umedhani nini. Yatenganisheni hayo matatu. "Mama amelewa" ni dhana. "Mama aliongea taratibu, macho mekundu, hakusimama" ndiyo aliyoyaona, na huenda ana homa. Kisha mtajie moja alilofanya vizuri na moja la kubadilisha kesho. Ukimrundikia saba hatabadilisha hata moja.

Kwenye daftari atumie namba ya kaya badala ya majina. Orodha ya majina ikae kwako, kabatini.

Kabla ya likizo ya Desemba mpeleke akawasalimie makungwi na manyakanga, waongozaji wa unyago na jando, wa kijiji, mkiwa na mwenyekiti. Aende kwa heshima, aulize tarehe za unyago na jando, umri wa watoto na nani atawahudumia wakiumwa. Anayefahamika kwao huitwa tatizo linapotokea. Anayejulikana kwa kuwasema vibaya husikia habari mwezi mmoja baadaye.

Baada ya wiki ya 12 kaeni kila wiki mbili kwa saa moja, na kesi mbili mezani. Muulize pia analalaje. Akianza kukwepa nyumba fulani au kuleta fomu zenye majibu yanayofanana, nenda naye tena ziara mbili kabla ya kumwongezea kaya.