SOMO: Kupanga orodha ya warushaji walioingia mechi nyingi zaidi, msimu wa 1974

Wakuu, mfano wetu ni Ligi ya Taifa (National League), moja ya ligi kuu mbili za besiboli nchini Marekani, 1974. Mrushaji ni yule anayemrushia mpigaji mpira. Mwaka huo Mike Marshall wa Los Angeles Dodgers aliingia kurusha katika mechi 106 kati ya 162, rekodi ambayo haijavunjwa.

1. Fungua jedwali la urushaji, si la upigaji. Yote mawili yana safu ya G (mechi alizoingia), lakini kwenye upigaji mrushaji aliyeingizwa kukimbia tu badala ya mwenzake naye anaandikiwa mechi. Ukichukua namba hiyo, umempa sifa ya kurusha mpira ambao hakuushika.

2. Tenga ligi. Kwenye ligi kuu ya pili, Ligi ya Marekani (American League), mwaka huo kinara ni Rollie Fingers wa Oakland, mechi 76. Aliyehama timu ndani ya ligi moja, jumlisha. Aliyevuka ligi, kila upande unabaki na hesabu yake. Mechi za mtoano acha nje: Marshall alirusha katika mechi zote tano za fainali dhidi ya Oakland, na hakuna hata moja iliyomo kwenye 106.

3. Kagua kwa safu za jirani. GS ni mechi alizoanza, CG alizoanza na kuzimaliza peke yake, GF alizomalizia baada ya kuingia kutoka akiba. Marshall: GS 0, GF 83. Sasa jumlisha timu nzima. GS zote lazima zilingane na mechi za timu, na CG ukijumlisha na GF lazima ipatikane namba ileile, maana kila mechi ina mrushaji mmoja wa mwisho. Zikigoma, mara nyingi kuna mtu wa mechi moja umemruka, au aliyehama umemwekea mechi zote kwenye timu moja.

4. Iningi, yaani awamu ambayo kila timu hupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe; kila kutolewa ni auti. Hapa ndipo wengi huangukia. 208.1 ya Marshall ni iningi 208 na theluthi moja. Ile nukta si desimali. Geuza kuwa auti kwanza: 208 × 3 + 1 = 625. Wastani wa mikimbio (pointi) aliyoruhusu kwa kila iningi tisa, bila ile iliyotokana na makosa ya walinzi: mikimbio 56 × auti 27 ÷ 625 = 2.42. Kwake kosa halionekani kwa kuwa iningi ni nyingi. Mchukue aliyerusha 0.2, yaani auti mbili, na kuruhusu mkimbio mmoja: jibu sahihi ni 13.50, ukigawa kwa 0.2 unapata 45.00!

Kisha gawa 625 kwa 106: karibu auti 5.9 kila alipoingia, yaani pungufu kidogo ya iningi mbili. Namba hii naiona nzito kuliko 106 yenyewe.

5. Waliolingana wape nafasi moja, inayofuata iruke.

MASWALI YA WANACHAMA

*Aliyepasha misuli tu anahesabiwa?*
Akiwa pembeni, hapana. Akishatangazwa rasmi kuingia, ndiyo. Larry Yount wa Houston, 15 Septemba 1971, aliumia akirusha mipira ya kupasha na hakumkabili mpigaji yeyote, lakini mechi iliandikwa. Ndiyo pekee aliyo nayo.

*Mkuu, Will White mwaka 1879 alirusha iningi 680. Mbona yuko chini ya Marshall?*
Kwa sababu orodha hii inahesabu kuingia, si mzigo. White aliingia mechi 76, akaanza 75 na kuzimaliza zote 75. Warushaji wa karne ya 19 wawekee jedwali lao.

*106 itavunjwa?*
Sidhani. Pedro Feliciano wa New York Mets alifika 92 mwaka 2010 kwa iningi zaidi kidogo ya 62, mara nyingi akiletwa kumkabili mpigaji mmoja au wawili wa mkono wa kushoto. Tangu 2020 mrushaji lazima akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya iningi (zamu ya timu moja kupiga), isipokuwa ameumia. Njia ya mkato ya Feliciano imezibwa, na kocha wa kumtumia mtu iningi mbili karibu kila siku hayupo tena.